Boksi la Matambara

Jumapili, 2 Machi

Barua imekuja. Mke wangu amepata kazi. Mkunga mkuu wa zahanati, jimbo la mbali, safari ya mchana kutwa na usiku kucha kwa basi. Ameisubiri miaka mitatu. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaniomba niisome mimi asikie kama itabadilika. Haikubadilika. Anatakiwa kuripoti Jumanne ya tarehe 11 na vyeti vyake halisi mkononi, si nakala. Asipoonekana, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Tuliruka-ruka chumbani mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio.

Jioni tukampelekea mama mkwe habari. Alilia kidogo, akamshukuru Mungu, halafu akaanza kupanga bila kuniangalia. Alisema binti yake atangulie na kaka yake, mimi nitafuata mambo yakishatulia. Mambo gani? Nilimwona vizuri tu. Mambo yenyewe ni mimi.

Shemeji alikuwepo. Kaka wa mke wangu huyu ni fundi wa vigae, nami humwita Pimamaji, maana popote aendapo anacho kile kifaa cha kupimia kama kitu kimelala sawa. Alikiweka hata juu ya keki ya harusi yetu. Leo alitoa daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika namba moja.

Nikaapa moyoni kwamba uhamisho huu nitausimamia mimi. Siku moja tu, mbele ya watu hawa, nataka mke wangu aseme: mume wangu amefikiri.

Nina mpango. Bado sijaujua ni upi, lakini ninao.

Jumatatu, 3 Machi

Kifurushi kimefika kwa basi. Ndani mna ufunguo wa nyumba ya zahanati tutakayokaa. Umetumwa na mkunga anayestaafu, pamoja na kikaratasi kinachosema ufunguo ni huo mmoja tu, wa pili ulipotea zamani.

Mke wangu akaniomba nichonge nakala. Ombi la haki, kwa sababu mimi ni mchonga funguo. Nina kibanda, nina mashine, kazi yenyewe dakika mbili. Nikakataa. Nilimweleza kwamba ufunguo mmoja ni siri, funguo mbili ni maneno. Akachukua mkoba wake akaenda zamu.

Watu hawajui kazi hii imenifundisha nini. Miaka sita nawafungulia milango watu waliojifungia nje, na hakuna kitasa kilichowahi kunila zaidi ya dakika nne. Kufuli ni heshima tu, na mwizi hana heshima. Kitu hakilindwi kwa kufungiwa. Kinalindwa kwa kudharauliwa. Tia dhahabu ndani ya soksi iliyotoboka, itakaa salama mpaka kiama.

Kwa hiyo ufunguo nimeuviringishia kitambaa nikausokomeza kwenye mdomo wa birika letu bovu, lile lililovunjika mkono. Nani ataiba birika bovu? Sijamwambia mtu. Hata mke wangu. Asichokijua hakitamtoka mdomoni.

Jumanne, 4 Machi

Pimamaji amekuja na maboksi ishirini na tatu, yote saizi moja. Alikuwa amekubaliana na mwenye lori atupe nusu ya nyuma, na nusu hiyo ameipima kwa futi na kuichora kwa chaki. Alipanga maboksi ukutani, akaweka pimamaji juu ya safu ya kwanza, akatabasamu. Mama mkwe akasema alimzaa mtu.

Kisha akaandika juu ya kila boksi kilichomo. Kwa herufi kubwa. VYOMBO. REDIO NA PASI. VYETI NA NYARAKA.

Nilitaka kupiga kelele. Unamwandikia mwizi barua! Wapakiaji wanasoma, dereva anasoma, utingo anasoma, na njiani kuna vituo saba. Nilisema. Pimamaji akajibu kwamba mali isiyo na jina hupotea. Mama mkwe akaniuliza kama nimekula.

Wakaondoka saa nane. Mke wangu yuko zamu mpaka jioni. Nikabaki mimi, maboksi, gundi, karatasi na kalamu nene ya wino.

Saa mbili za kazi. Vyombo sasa vinaitwa VITABU VYA ZAMANI. Redio na pasi ni VIATU VIBOVU. Bahasha ya vyeti nimeitoa kwenye boksi lake nikaizika katikati ya boksi la vipande vya mashuka na fulana kuukuu, halafu nikaandika juu kwa mkono mbaya makusudi: MATAMBARA.

Nikamaliza kwa chambo. Boksi moja nimelijaza vigae vilivyovunjika, mabaki ya Pimamaji mwenyewe aliyotuachia chini ya ngazi tangu alipotutengenezea bafu. Nimelifunga kwa gundi pande nne na kuandika VITU VYA THAMANI. Mwizi akija, achukue hilo, na mgongo umuume.

Niliketi nikayatazama. Nilijiona mtu mzima.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu alirudi jana jioni amechoka. Watoto watatu kwa zamu moja, mmoja alikuja na miguu mbele, wote wazima. Alikaa juu ya kiti akavua viatu, akaanza kusoma maboksi, moja moja, polepole. Nikaenda kuchemsha maji ili uso wangu usinisaliti.

Baadaye nikamsikia akicheka peke yake chumbani. Nilipomuuliza akasema amekumbuka jambo la wodini. Hakuuliza chochote kuhusu majina. Amezoea kuniamini.

Leo nimefunga kibanda changu. Nimeng'oa mashine, nimeshusha kibao cha ufunguo mkubwa wa bati. Kinyozi wa jirani alinishika mkono akasema kwamba kule niendako watu nao hupoteza funguo. Lilikuwa neno zuri. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani muda mrefu na kile kibao cha bati magotini. Naogopa. Yeye anakwenda kuwa mkunga mkuu. Mimi nakwenda kuwa mume wa mkunga mkuu, mpaka mtu wa kwanza ajifungie nje.

Nisipofanya hata huu uhamisho vizuri, nimefanya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Pigo dogo. Pimamaji alikuja kupanga maboksi upya, mazito chini. Alifika kwenye VITABU VYA ZAMANI. Alisema kitabu hakivunjiki, akaliachia toka usawa wa kifua.

Sauti ile haikuwa ya vitabu.

Wote wakanigeukia. Nilisema kwa haraka kwamba ni vitabu vyenye majalada magumu. Mke wangu akainama, akalifungua, akatoa nusu ya sahani tulizopewa na shangazi yake siku ya harusi. Nusu nyingine ilibaki ndani ya boksi. Akauliza kwa utulivu kama kuna vitabu vingine vya namna hii. Nikamwambia hapana.

Pimamaji alitaka tufungue yote tuhakikishe. Nilisimama mbele ya maboksi nimetanua mikono kama golikipa. Mke wangu akasema niachwe, muda hautoshi. Mama mkwe alifagia vipande akisema, kama anaongea na fagio, kwamba mficha uchi hazai. Maneno hayo ni ya wagonjwa wa mwanawe, mimi hayanihusu.

Jambo moja zuri: Pimamaji ameliona boksi la VITU VYA THAMANI. Amesema hilo halipandi nyuma na mizigo. Atalipakata mwenyewe mbele kwa dereva, safari nzima. Nikamwambia kwamba ni wazo zuri, shemeji.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi lori lilikuja. Nusu yetu ya chaki ilikuwa imeliwa na jokofu la mtu mwingine. Ikabidi tupunguze mizigo. Mimi nilikuwa nimekwenda kuaga kwa mwenye nyumba. Niliporudi saa saba, lori limeshapakiwa na kufungwa turubai, na mama mkwe anajipepea na kifuniko cha sufuria kwa furaha. Alisema wamepunguza takataka zote. Viatu vibovu vilinusurika, mke wangu alivikatalia, lakini lile boksi la matambara mama mkwe amempa fundi gereji wa pale kona. Maskini alikuwa hana cha kufutia mikono.

Nikakimbia.

Fundi gereji tunamwita Mzee Grisi. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu nje. Niliiuliza miguu lile boksi liko wapi. Miguu ikajibu kwamba matambara mengine yametumika, mengine yamo kwenye pipa, mengine amempa jamaa wa malori. Nikaomba kupekua pipa. Akatoka akanitazama. Alisema pipa ni lake, na mtu hapekui pipa la mwenzake bure. Anachohitaji yeye ni chombo chenye mdomo cha kumiminia oili, chake kimetoboka.

Nikakimbia nyumbani, nikanyakua birika bovu jikoni, nikamkabidhi. Alilijaribu hapohapo. Oili ikamiminika safi kabisa mdomoni, akanisifu kwa chombo kizuri.

Nikaingia pipani mpaka kiunoni. Nilikutana na fulana yangu ya shule. Nilikutana na shuka tuliloanzia maisha. Vyeti hakuna.

Maji yalikuwa yamezidi unga, lakini mtu hakati tamaa. Nikaenda kwa mwenye duka la kuchapa. Akasema anachapa cheti chochote, akauliza tu nataka alama gani. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Nikamfikiria mama mmoja nisiyemjua, kule kwenye jimbo nisilolijua, amelala kitandani anamtazama mke wangu usoni. Nikamwambia nimekosea duka.

Mpango wa pili: kuugua. Nikiugua, safari itaahirishwa, nitapata siku mbili za kumtafuta jamaa wa malori. Nikajilaza nikakunja uso. Mke wangu akaja, akanishika mkono, akahesabu mapigo, akanibonyeza tumbo, akanusa nywele zangu. Aliuliza mbona nanuka oili. Nikasema homa. Akasema ameshazalisha mapacha kwa mama aliyelalamika kidogo kuliko mimi, akanipa ndoo nikaoge.

Lori linaondoka kesho asubuhi. Basi letu keshokutwa. Anaimba huko nje akianua nguo. Anaimba, na mimi ndiye ninayejua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesema.

Sikupanga kusema. Ndiyo maana ilitoka.

Saa moja asubuhi lori lilikuwa linaunguruma barabarani. Pimamaji amekaa mbele, boksi la VITU VYA THAMANI magotini, limemfika kidevuni. Mama mkwe alimaliza kuomba dua, majirani wakaitikia. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la njano la siku ya barua. Akainua mkono ampungie kaka yake, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kumpa mimi.

Nikajikuta mbele ya lori.

Dereva akazima injini. Nikasema mbele ya wote. Kwamba nilibadilisha majina ya maboksi. Kwamba vyeti vyake viliingia kwenye matambara kwa mkono wangu, na kwamba mama hana kosa, alitoa alichokiona kimeandikwa. Kwamba nimepekua pipa. Kwamba kazi aliyoisubiri miaka mitatu nimeipoteza kwa karatasi na gundi. Nikasema nilitaka tu mtu aone kwamba na mimi nimefikiri.

Majirani wakasogea karibu wasikie vizuri.

Mke wangu akafungua mkoba wake. Akatoa bahasha. Safi, haina hata tone la oili.

Alisema aliitoa Jumanne jioni. Aliporudi zamu hakuona boksi la vyeti, akajua, akatafuta kwenye boksi lenye jina baya kuliko yote. Hakuchukua hata dakika nne. Nikamuuliza mbona basi hakuniambia. Akasema nilikuwa na furaha sana siku ile, nimekaa nikiyatazama maboksi yangu, akaona aniachie. Kuhusu jana, hakujua nawaza hivyo vyeti. Alidhani nalilia kibanda changu, akaona aibu kuniuliza. Aliolewa na mimi miaka miwili iliyopita, alisema, si jana.

Nilimshika mbele ya watu. Nililia pia. Niandike tu, shajara ni yangu.

Mama mkwe alinitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu Jumapili. Akasema afadhali mjinga anayesema kuliko mwerevu anayeficha. Kisha akamwambia binti yake kwamba haya, tuondoke wote wawili, asimwache mtu huyu peke yake mjini, atajiibia. Nimelichukua kama baraka.

Pimamaji aliteremsha kioo akauliza kwa upole: kama vitabu ni sahani na matambara ni vyeti, hapa magotini amepakata nini? Nikamwambia. Akaniomba nirudie polepole. Akafungua gundi, akatoa kipande cha kigae, akakitambua. Alisema kilikatwa vibaya, akakiweka kwenye mfuko wa shati. Vilivyobaki tukavirudisha chini ya ngazi.

Nimejifunza. Kuanzia leo kila kitu wazi. Boksi la redio liitwe redio.

Jumapili, 9 Machi

Ndani ya basi, saa nane mchana. Mashamba pande zote, barabara imenyooka mpaka Pimamaji angeipenda. Mke wangu amelala begani kwangu. Tulipopita daraja la mwisho la jimbo letu alinishika mkono, akasema anaogopa kidogo. Nikamwambia na mimi. Tukacheka. Sijui kwa nini hatukusema hivyo wiki nzima.

Mkoba wenye vyeti uko magotini kwake, zipu nje, kila abiria anauona. Mtu wa kiti cha nyuma amekohoa mara mbili. Nimefikiri. Nimetazama mfuko wetu wa machungwa, ambao tumeshaanza kutupia maganda. Nani ataiba maganda? Nikafungua zipu taratibu, nikachomoa bahasha, nikaanza kuitandazia maganda juu.

Mke wangu, macho yamefumbwa, akanyoosha mkono wazi mbele yangu. Nikaweka bahasha mkononi. Akairudisha mkobani, akaendelea kulala. Ana masikio mazuri, ni ya kazi.

Hapo alipojigeuza nimeona shingoni amevaa uzi mweusi. Kuna kitu kizito kinaning'inia mwishoni mwake, kimezama ndani ya blauzi. Pambo jipya, labda kutoka kwa mama yake. Akiamka nitalisifia.

Siwezi kulalamika. Vyeti tunavyo, lori limeshatangulia, mama mkwe amesema neno zuri. Hata ufunguo wa nyumba, ambao hakuna aliyeufikiria ila mimi, uko salama salimini ndani ya birika bovu.

Birika.

Ngoja kwanza.

Nimeketi wima. Nimehesabu vituo. Nimemkumbuka Mzee Grisi na oili ikimiminika. Safi, alisema. Sijui ufunguo ulitokaje, labda ulisukumwa na oili ukazama pipani. Jasho limenitoka mpaka kwenye magoti.

Nimefikiria kumwamsha nimwambie. Nimefikiria sana, karibu dakika nzima. Lakini amelala vizuri, na keshokutwa anaripoti. Kwa nini nimtie wasiwasi bure?

Nina mpango. Tunafika kesho alfajiri. Nitamwambia akae stendi na mizigo anywe chai, mimi nitangulie nikaione nyumba. Ninao waya mfukoni. Mtu mgeni, asiyejulikana na yeyote, kabla majirani hawajaamka, amechuchumaa anachokonoa kitasa cha nyumba ya zahanati. Dakika nne tu. Akija atakuta mlango wazi na mimi nimesimama ndani nikitabasamu.

Nimelizungusha jambo hili pande zote. Sioni pa kukosea.